Saladi imeota kwenye mchanga, kwenye udongo mweusi imegoma. Ni mwanga au ni kitu kingine?

Mboga_Mkuranga:

Habari zenu wakuu. Nalima mboga Mkuranga, mkoa wa Pwani. Siku zote ni mchicha, matembele na chainizi, ila msimu huu nimeongeza saladi kwa kuwa kuna mteja wa mjini anaichukua kila wiki. Shamba langu lina udongo wa aina mbili. Upande wa juu, karibu na nyumba, ni mchanga mweupe wa chembe nene, ukiuchota unapita katikati ya vidole. Bondeni ni mfinyanzi mweusi, ukilowa unang'ang'ania jembe, ukikauka unapasuka.

Nimesia saladi pande zote mbili siku moja, mbegu za pakiti moja, vifereji vya kama nusu sentimita, nikafukia, nikawa namwagilia kwa keni asubuhi na jioni. Kule juu miche imejaa mstari mzima. Bondeni mistari ni mitupu. Kilichonishangaza ni ukingoni mwa tuta, mahali udongo ulipopasuka. Ndani ya ule ufa kuna vimiche vya saladi vimejipanga, vya kijani kabisa, na pembeni yake, hata upana wa vidole viwili haufiki, hakuna kitu.

Jambo la pili. Bonde hilo lilikuwa nyasi tupu tangu enzi za baba. Tumefyeka, tumelima kwa jembe, na badala ya saladi umetoka mchicha pori na kishona nguo tuta zima, magugu ambayo kabla ya hapo sikuyaona bondeni hata shina moja.

Muuza pembejeo ananiambia mbegu ya saladi haioti bila mwanga. Sasa mbegu iko ardhini, mwanga unaifikiaje? Unaingia mpaka kina gani? Na hayo magugu yametoka wapi? Naomba anayeyajua haya anieleze kwa kirefu, sina haraka.

Kilosa_Mpunga:

Mkuu, hilo ni gamba. Mfinyanzi ukimwagiliwa kwa keni halafu jua likapiga, juu unafunga, kimche kinakosa pa kutokea. Kwenye ufa kimepata mlango, kimepita. Mambo ya mwanga sidhani. Mahindi tunafukia kina cha kidole kizima, giza totoro, na yanaota yote. Maharage hivyo hivyo. Changanya samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo, tatizo litaisha.

Mama_Kitalu_Lushoto:

Mwanangu wa Mkuranga, pole na kazi. Mimi niko Lushoto. Nimeotesha saladi, seleri na kabichi maisha yangu yote ya kazi, kwanza nikiwa bibi shamba wa serikali, sasa kwenye kitalu changu mwenyewe, na jambo hili la mwanga nalipenda sana kwa sababu wakulima wengi wanapoteza mbegu za bei kubwa kwa milimita chache tu za udongo.

Kabla sijaenda mbali, fanya kazi moja leo. Chukua kisu chembamba, nenda kwenye mstari mtupu, pitisha kisu chini kidogo ya mbegu, inua ule udongo taratibu, ugeuze, utazame. Ukikuta mbegu ukiibonyeza kwa kucha inatoa uji, hiyo imeoza, maji yalizidi au mbegu ilikuwa mbovu. Ukikuta kamzizi kameshuka chini na kashina keupe kamejikunja chini ya gamba, ndugu yetu wa Kilosa amepatia. Ukikuta mbegu nzima, imevimba kwa maji, ngumu kwenye kucha na haijapasuka popote, hiyo iko hai na inangoja. Usikisie ukiwa umesimama kwenye ukingo wa tuta. Jibu liko hapo chini.

Sasa swali la ndugu wa Kilosa, ambalo ni zuri: mbona mahindi yanaota gizani? Punje ya mahindi ina akiba ya chakula ya kuisukuma kutoka sentimita 5 na hata zaidi. Mbegu ya saladi, gramu moja inabeba kama 800 hadi 1,000. Tumbaku ni zaidi ya 10,000 kwa gramu. Mbegu ndogo kiasi hicho ikiamka mahali palipo chini sana inamaliza chakula chake njiani na kufa kabla ya kuona jua. Kwa hiyo mimea mingi ya mbegu ndogo ina njia ya kujua iko kina gani kabla ya kuanza safari, na njia kubwa kuliko zote ni mwanga. Mwanga huo hauilishi mbegu, kwa kuwa haina jani la kupikia chakula. Unaiambia tu kwamba juu ni karibu.

Kinachopokea habari hiyo ni protini inayoitwa fitokromu. Mwaka 1952 watafiti wa kilimo wa Marekani, pale Beltsville jimbo la Maryland, akina Borthwick na Hendricks na wenzao, walichukua mbegu za saladi aina ya Grand Rapids zilizolowa maji wakazimulika kwa mwanga mwekundu muda mfupi. Zikaota. Nyingine wakazimulika kwa mwekundu, halafu mara moja kwa mwekundu ule wa ukingoni kabisa, ambao jicho la mtu linauona kwa shida. Hazikuota. Wakarudia mwekundu, ukingoni, mwekundu, ukingoni, mara nyingi. Kila mara jibu lilifuata mwanga wa mwisho. Ni swichi: mwekundu wa kawaida unawasha, wa ukingoni unazima. Na swichi hiyo inafanya kazi mbegu ikiwa imelowa. Kwa hiyo jua lililoipiga mbegu yako kavu mkononi siku ya kusia halisaidii kitu.

Mwanga unaingia mpaka wapi? Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye udongo mwingi, mwanga wa kutosha kuiamsha mbegu ni nadra kuvuka milimita 4 au 5. Rangi ya udongo na ukubwa wa chembe vina nguvu hapo. Mchanga mweupe wa chembe nene unaurusha mwanga kutoka chembe hadi chembe na baadhi yake unashuka. Mfinyanzi mweusi unaumeza karibu wote pale pale juu. Tena ule mwekundu wa ukingoni unapenya kuliko mwekundu wa kawaida, kwa hiyo kadiri mbegu inavyokuwa chini, hata mwanga kidogo unaoifikia unazidi kuwa wa aina ile inayozima. Kina chako cha nusu sentimita ni mpakani hasa. Kwenye mchanga umepita, kwenye mweusi umegonga ukuta. Na maji ya keni yanausogeza mchanga, kwa hiyo mbegu zako nyingi za kule juu sasa hivi pengine ziko karibu na uso kuliko ulipoziweka.

Ufa ule umeuona vizuri sana. Mwanga unashuka ndani ya ufa na kati ya mabonge, kwa hiyo mbegu iliyo ukutani mwa ufa inaweza kuwa kina kikubwa na bado ikaona mchana. Lakini ufa pia ni mlango wa kutokea, kama alivyosema ndugu wa Kilosa. Ndiyo maana nakwambia chimbua.

Kuna na joto. Huku kwetu milimani pakiti hiyo hiyo ukiifukia kupita kiasi nyingi zitaota tu, kwa sababu kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hadi 20 aina nyingi za saladi haziudai mwanga. Joto likipanda zinaanza kuudai. Likivuka kama nyuzi 30, nyingi zinagoma hata ukiziweka juani. Uso wa udongo wa Pwani saa 7 mchana unavuka hapo kwa mbali. Mtu akikuletea ushauri wa Lushoto wa kusia saladi, mwulize kwanza yeye yuko nyuzi ngapi.

Magugu nitayarudia ukishaniletea habari za kisu.

Mboga_Mkuranga:

Shikamoo mama. Nimechimbua jioni hii na mke wangu akanishikia sahani nyeupe ili tuzione mbegu. Katikati ya tuta karibu zote ni ile aina ya tatu: zimevimba, nzima, nimebonyeza kwa kucha hazitoi kitu. Upande wa mwisho wa tuta, ambako naona nilifukia kidogo kuliko kwingine, nimekuta vishina vyeupe vimejikunja chini ya gamba, vingine vimeshakauka. Kwa hiyo yote mawili yapo.

Je, hizo zilizovimba nikikwangua udongo juu zitaota? Na nikifunika tuta kwa makuti ili kupunguza joto, si nitakuwa nimezuia tena huo mwanga? Kuna mwembe mkubwa pale bondeni, nafikiria hata kuhamishia kitalu chini yake.

Mama_Kitalu_Lushoto:

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuchimbua, na mke wako na sahani yake kafanya jambo la maana, kwenye udongo mweusi mbegu ya saladi nyeusi haionekani.

Zilizovimba: kwangua ukitaka, baadhi zitatoka. Lakini usizitegemee. Mbegu ya saladi ikikaa siku nyingi imelowa, gizani, kwenye joto, inaingia usingizi wa pili ulio mzito kuliko wa kwanza, na hapo mwanga peke yake mara nyingi hautoshi kuiamsha. Sia upya.

Swali la makuti na mwembe ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu vivuli hivi viwili mkulima anavihesabu kimoja. Makuti makavu yanapunguza mwanga, basi. Ule unaopenya kati ya makuti bado ni mwanga wa jua wenye mwekundu wake, na mbegu ya saladi haihitaji mwingi. Jani bichi ni jambo jingine. Jani la kijani linakula mwanga mwekundu kwa ajili ya chakula chake na kuuachia ule wa ukingoni upite. Chini ya mwembe mzito mtu anaona kuna mwanga wa kutosha kabisa, anasoma hata gazeti, lakini kwa mbegu huo ni mwanga unaozima swichi. Mbegu ndogo nyingi za porini ndivyo zinavyokaa miaka chini ya miti zikingoja mti uanguke. Kwa hiyo acha mwembe. Jenga kichanja cha makuti cha urefu wa kiuno, kiwe chepesi, uone madoa ya jua yakitembea juu ya tuta. Neti ya kivuli nayo inafaa kama unayo.

Nyasi za matandazo kwa saladi na seleri zilaze nyepesi sana, udongo uonekane kati ya majani, na ziwe kavu. Watu wanatandaza nyasi nene kuhifadhi unyevu, halafu wanalaumu mbegu.

Kusia kwenyewe. Lainisha tuta, sawazisha, mwagilia kwanza mpaka litulie. Tawanya mbegu juu, au kwenye vifereji ambavyo ni alama tu ya ubao. Kandamiza kwa ubao ili mbegu ikamate udongo. Halafu chekecha mchanga wako mweupe wa kule juu, umwagie kwa kiganja mpaka mbegu zianze kupotea machoni, milimita 2, 3 ikizidi sana. Usitumie udongo mweusi kufunikia. Mchanga huo unafanya kazi mbili, unapitisha mwanga na haufungi gamba, kwa hiyo tatizo lako na tatizo la ndugu wa Kilosa vyote unavitibu kwa kiganja kimoja cha mchanga uliochekechwa. Gharama yake ni kwamba mbegu iliyo juu inakauka upesi. Hapo hakuna ujanja, ni maji kidogo kidogo mara nyingi kwa keni yenye matundu madogo, na usie jioni ili ipate usiku mzima wa ubaridi ikinywa maji.

Kama joto la huko limezidi kabisa, kuna njia nyingine. Lowesha kitambaa cheupe, tandaza mbegu juu yake, weka ndani ya nyumba mahali pa baridi lakini pana mwanga wa dirisha, usiku na mchana wake, kisha uzisie kabla vimizizi havijachomoza. Mbegu ikishapokea amri ya mwanga na kukaa nayo saa kadhaa, hairudi nyuma kirahisi, utakuwa umeipa mwanga kabla ya kuizika.

Na kama unataka kuona kwa macho yako, chukua sahani mbili, karatasi ya chooni iliyolowa, mbegu za pakiti hiyo hiyo. Moja iache wazi dirishani, nyingine ifunge kwa foili mara mbili papo hapo unapoilowesha. Usiifungue foili kuchungulia mpaka siku ya 4. Ukichungulia mchana hata mara moja umeshazimulika, na jaribio limekufa.

Mzee_wa_Urambo:

Mama umenikumbusha vitalu vya tumbaku huku kwetu Tabora. Hakuna mkulima wa tumbaku anayefukia mbegu. Tunapima kidogo sana, tunaimwaga ndani ya keni yenye maji, tunakoroga, tunanyunyizia juu ya tuta huku tunatembea na kuitikisa keni mbegu zisitulie chini. Mbegu inabaki juu ya udongo. Halafu nyasi kavu juu yake, nyepesi, na zikianza kuota tunazipunguza kidogo kidogo. Wazee walitukataza kufukia na hawakutueleza sababu, walisema tu mbegu ya tumbaku ukiizika hairudi.

Mbegu ile ni vumbi. Ukiishika na mkono una jasho inabaki kwenye mistari ya kiganja. Kijana wa Mkuranga, hata saladi ijaribu kwa keni, itatawanyika sawa kuliko kwa vidole, ila matundu ya keni yawe makubwa kidogo isizibe.

Kilosa_Mpunga:

Nimeelewa kuhusu saladi, na asante kwa kunijibu vizuri mama. Tufike kwenye magugu. Kwamba shamba lililolala miaka lina magugu ambayo hayakuwepo, hilo hata mimi nimeliona. Nikilima ninayafukia, nikipalilia yanakuja mapya. Kama magugu yanaamshwa na mwanga, basi tulime usiku?

Mama_Kitalu_Lushoto:

Usicheke ndugu yangu, watu wamelima usiku kweli.

Magugu ya bondeni hayakuletwa na upepo mwaka huu. Yalikuwa hapo, mbegu, chini ya nyasi za baba yake. Shina moja la mchicha pori lililopata nafasi linaweza kudondosha mbegu zaidi ya 100,000. Zinashuka kwenye nyufa, zinafukiwa na jembe, zinazikwa na mchwa, na huko chini zinalala. Mbegu inaweza kulala muda unaotisha. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, profesa William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu zilizochanganywa na mchanga, ili warithi wake wawe wanachimbua moja moja. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, miaka 142 baadaye, bado ilitoa mbegu zilizoota. Na waliokwenda kuifukua walikwenda usiku, alfajiri haijafika, makusudi ili mwanga wa jua usiziguse mbegu kabla ya wakati.

Kuna Waingereza wawili, Wesson na Wareing, waliofanya hivyo hivyo kwenye malisho miaka ya 1960. Walichimba mashimo usiku. Mengine wakayafunika kwa kioo, mengine kwa kitu kisichopitisha mwanga. Kwenye kioo magugu yakajaa. Kwenye giza karibu hakuna kilichoota. Udongo ule ule, maji yale yale, joto lile lile. Ndicho kilichotokea bondeni kwako mwanangu, ila wewe ulilima mchana.

Mbegu iliyozikwa muda mrefu inakuwa nyepesi kuamka kwa kiwango cha ajabu. Huko Argentina, akina Scopel na wenzake walizika mbegu za aina ya mnanaha, wakakuta kwamba baada ya kukaa ardhini zinaitikia mwanga wa jua wa sehemu ndogo tu ya sekunde moja. Fikiria bonge linavyogeuka kwenye jembe. Mbegu iko chini, inarushwa juu, inaona jua, inafukiwa tena upande wa pili. Muda huo mfupi unatosha, imeshaamriwa, itaota hata ikiwa imerudi gizani, mradi isiwe imerudi chini sana.

Kulima usiku: Hartmann na Nezadal wa Ujerumani waliandika mwaka 1990 kwamba shamba lililolimwa usiku lilitoa magugu machache mno kuliko la mchana. Waliorudia sehemu nyingine za Ulaya na Marekani, wengine walipata nafuu, wengine hawakupata kitu. Naona sababu zake. Mbegu zinazobaki juu kabisa ya udongo zitaliona jua kesho yake hata ukilima saa 8 usiku. Na si magugu yote yanayongoja mwanga. Kwa hiyo sikushauri utoe ng'ombe zizini usiku wa manane, watu wataumia kwa majembe bure.

Ninachokushauri ni kuutumia mwanga huo huo kuyamaliza. Tayarisha tuta mapema, lainisha, mwagilia kana kwamba umeshasia, halafu usisie. Acha magugu yaamke. Yakitoka majani mawili, siku yenye jua kali, yakate kwa jembe la kukwangulia, juu juu, jembe lisizame hata sentimita 1. Ukizamisha umeleta mbegu mpya juani na umeanza upya. Rudia kama una muda. Ndipo usie saladi yako bila kuligeuza tuta tena. Ule uso wa juu utakuwa umemaliza mbegu zake nyingi, na za chini hazijui kama kumekucha. Huku Lushoto kwenye matuta ya karoti, ambazo zinachelewa kuota na kuzidiwa na magugu, njia hii imewaokoa majirani zangu palizi nzima.

Kwa mpunga wako Kilosa ni maji yanayofanya kazi hiyo zaidi, unajua kuliko mimi.

Kahama_Mtama:

Naomba kuchomekea. Huku Kahama adui ni kiduha kwenye mtama na mahindi. Mbegu zake ni vumbi kama alivyosema mzee wa Urambo kuhusu tumbaku. Kwa maelezo ya mama, mbegu ndogo inangoja mwanga. Je, nisipochimba sana, kiduha hakitaota? Na ndago je?

Mama_Kitalu_Lushoto:

Hapana, na nashukuru umeuliza, maana mtu angeweza kuchukua maneno yangu akapoteza msimu. Kiduha ni kinyume. Chenyewe hakitafuti uso wa ardhi, kinatafuta mzizi, na mzizi uko gizani. Mbegu yake ikishakaa kwenye unyevu na joto siku kadhaa, inangoja kemikali zinazotoka kwenye mizizi ya mahindi au mtama iliyo karibu. Ikizipata inaota, inajishika kwenye mzizi na kuanza kunyonya, na wewe juu huoni kitu. Wakati unaona ua la zambarau, mahindi yako yameshaibiwa wiki nyingi. Na mbegu zake zinakaa hai ardhini zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kupunguza kulima hakutakusaidia kwa hilo.

Kinachosaidia ni kung'oa kabla hakijatoa mbegu, mbolea na samadi kwa sababu kiduha kinashamiri kwenye udongo uliochoka, na kupanda desmodiamu kati ya mistari. Hiyo ya desmodiamu imefanyiwa kazi miaka mingi na watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha halafu inazizuia zisishike mzizi wa mahindi, zinakufa njaa. Desmodiamu ni chakula kizuri cha ng'ombe pia.

Ndago haina habari na mwanga wa ardhini hata kidogo. Inatoka kwenye vile viazi vyake vidogo vyeusi, vina akiba ya chakula ya kutosha kupanda kutoka kina cha jembe zima. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kulima kiangazi na kuvitoa juu vikauke na jua, ukivirudia kila vinapochipua.

Mkuranga, mwaga mbegu kesho jioni jua likishapoa. Na ule mchanga wa kufunikia usisahau kuuchekecha kwanza.